Paa Lako Limefungwa na Nini?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa ili vikundi ambavyo havikufika viweze kuyasoma pamoja na kuyajadili.)

 

Nimeombwa tuzungumze juu ya upepo. Pengine kuna mtu anajiuliza, upepo nao una mazungumzo gani? Si tungezungumza juu ya maji, au mikopo, au ng'ombe wa maziwa? Lakini hebu tukumbuke vikundi vyetu vilianza kwa kazi gani. Vingi vilianza kwa mabati. Tangu miaka ya 1960 akina mama wa sehemu za Kati walichanga shilingi kidogo kidogo, mwezi huu wakaezeka kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, mpaka kila mwanachama akalala mahali pasipovuja. Kazi hiyo tunaiendeleza hadi leo. Sasa, jasho la miaka miwili mitatu upepo unaweza kulibeba kwa dakika moja. Na hasara si ya pesa peke yake. Bati likiruka ni kisu. Linakata mti, linakata mnyama, linakata mtu.

Kwa hivyo swali langu la leo ni moja tu. Paa lako limefungwa na nini? Sisemi limeezekwa na nini. Nasema limefungwa na nini.

UPEPO WETU NI WA NAMNA GANI?

Tuseme ukweli kwanza. Kuna upepo mbaya sana duniani unaoitwa tonado. Huu ni mkonga wa upepo unaozunguka kwa kasi kubwa, unaning'inia kutoka kwenye wingu la mvua ya radi hadi chini. Marekani hupata tonado zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Tonado iliyoua watu wengi zaidi katika kumbukumbu za dunia ilipiga Bangladesh tarehe 26 Aprili 1989, katika sehemu za Daulatpur na Saturia. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,300 walikufa, na makumi ya maelfu wakabaki bila makao.

Hata hapa Afrika tonado zipo, hasa Afrika Kusini. Desemba 1998 Mzee Nelson Mandela alikuwa ndani ya duka la dawa mjini Umtata, ambao leo unaitwa Mthatha, tonado ikapiga mji huo. Walinzi wake walimlaza sakafuni wakamfunika kwa miili yao. Yeye alitoka salama, lakini watu kadhaa mjini walipoteza maisha.

Sisi hapa Kenya hatujazoea tonado kubwa kama hizo. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua minara ya maji inayozunguka juu ya ziwa, na sote tunazijua chamchela za vumbi wakati wa kiangazi. Lakini upepo unaotung'olea mapaa mara nyingi ni mwingine. Ni ule unaotangulia mvua. Wingu limejaa, jua limewaka tangu asubuhi, halafu saa tisa alasiri hewa baridi inaporomoka kutoka kwenye wingu pamoja na mvua. Ikigonga ardhi inatawanyika pande zote kwa nguvu, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Upepo wa namna hiyo haukawii. Dakika tano, kumi, umepita. Lakini dakika hizo zatosha kuacha darasa bila paa.

UPEPO HAUSUKUMI TU, UNAVUTA

Watu wengi wanadhani upepo hungoa paa kwa kulisukuma. Hapana. Upepo ukifika kwenye ukuta hauna njia, kwa hivyo unapanda na kupita juu ya paa kwa kasi. Pale unapopita unalivuta paa kwenda juu. Na kama dirisha au mlango wa upande wa upepo uko wazi, upepo unaingia ndani na kusukuma paa kutoka chini. Juu linavutwa, chini linasukumwa. Je, litabaki?

Sasa tufanye hesabu kidogo. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kuvuta paa kwenda juu kwa nguvu ya kama kilo 48 kwa kila mita moja ya mraba. Bati la geji 30 lina uzito gani? Mita moja ya mraba haifiki kilo 3. Nyumba ya futi 20 kwa 30 ina kama mita 56 za mraba. Basi upepo huo unaivuta kwa zaidi ya tani mbili na nusu. Mabati yake na mbao zake kwa kawaida hazifiki hata tani moja. Kwa hivyo uzito wa paa hauwezi kulishikilia paa. Kinachoshikilia ni vifungo.

Jambo lingine ni hili. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Zile kilo 48 zinakuwa zaidi ya 190. Ndiyo maana paa lililovumilia miaka kumi linaweza kwenda siku moja. Usiseme, "Hili limekaa miaka mingi, ni imara." Pengine halijakutana na upepo wake.

TUNAJIFUNZA NINI KWA WALE WALIOPIGWA?

Huko Marekani, katika jimbo la Oklahoma, kuna mji unaoitwa Moore. Mwaka 1999 ulipigwa na tonado kubwa sana. Mwaka 2013, tarehe 20 Mei, ukapigwa tena. Watu 24 walikufa, na kati yao walikuwamo watoto saba waliokuwa shuleni. Mwaka 2014 baraza la mji likatunga sheria mpya ya ujenzi. Awali nyumba zilitakiwa kuvumilia upepo wa kama kilomita 145 kwa saa. Sheria mpya ikasema kilomita 217.

Sikilizeni vizuri hapa. Hawakusema wajenge nyumba ambayo tonado kubwa kabisa haiwezi kuivunja. Nyumba ya kawaida haiwezi, na hapo watu hukimbilia chumba cha chini ya ardhi au chumba maalum cha zege. Lakini walijua kwamba tonado nyingi si za kiwango hicho. Na hata ile kubwa, nguvu yake kamili hupita katika ukanda mwembamba, na nyumba nyingi za kando hupata upepo mdogo kuliko ule wa katikati. Nyumba hizo za kando ndizo zinaweza kuokolewa. Na sehemu kubwa ya sheria hiyo ni nini? Ni kufunga. Paa lifungwe kwa ukuta kwa vishikizo vya chuma, ukuta ufungwe kwa msingi, na misumari iwe mingi zaidi na yenye kushika.

Ikiwa vifungo vinasaidia hata kule penye tonado, je, si vitasaidia zaidi kwetu ambako upepo ni mdogo kuliko ule?

MNYORORO WA VIUNGO VITANO

Fikirini mnyororo wa kufungia ng'ombe. Ukikatika pete moja tu, ng'ombe amekwenda, hata kama pete zingine ni nene kama kidole. Nyumba ni hivyo hivyo. Kutoka bati hadi ardhini kuna viungo vitano.

Kiungo cha kwanza: bati kwa palini, yaani zile mbao zinazolala chini ya bati. Tumia misumari ya mabati yenye kofia pana, ile iliyopindwa kama parafujo ikipatikana, maana haichomoki kwa urahisi. Upepo huanza kuvuta kwenye kingo na pembe, si katikati. Kwa hivyo kwenye kingo za chini, kileleni na kwenye pembe, piga msumari kila wimbi la pili la bati. Katikati ya paa waweza kupiga kila wimbi la tatu. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni, usije ukavuja. Palini za katikati ziachane kama futi tatu, na zile za kingoni futi mbili.

Kiungo cha pili: palini kwa rafta, yaani mbao za mteremko. Hapa ndipo mafundi wengi hupiga msumari mmoja wa inchi nne na kusonga mbele. Mmewahi kung'oa msumari kwa nyundo? Ukiuvuta kwa kufuata urefu wake, unatoka. Upepo nao unauvuta hivyo hivyo. Dawa yake ni ule ukanda mwembamba wa chuma unaouzwa ukiwa umekunjwa duara, ambao mafundi huuita hupu aini. Upitishe juu ya palini, uteremshe pande zote mbili za rafta, kisha upige misumari ubavuni. Sasa ili paa litoke ni lazima upepo uukate msumari kwa upande, na hiyo ni kazi ngumu. Kama ukanda huo haupatikani, zungusha waya wa kufungia vyuma vya zege mara kadhaa na uukaze.

Kiungo cha tatu: rafta kwa ubao unaolala juu ya ukuta, ambao mafundi huuita wolpleti. Ufunge kwa ukanda ule ule, kila rafta, bila kuruka hata moja.

Kiungo cha nne: wolpleti kwa ukuta. Nyumba nyingi za mawe au matofali hushindwa hapa. Ubao umelazwa tu juu ya ukuta, ukasubiri kudra. Upepo ukija, paa zima linainuka pamoja na ubao wake kama kifuniko cha sufuria. Wakati ukuta unajengwa, zika kanda za chuma ndani yake, ziteremke angalau futi mbili chini ya ubao, na ncha ziachwe nje za kufungia. Kama kuna mkanda wa zege juu ya kuta zote, kanda hizo zishikwe ndani ya zege hiyo. Hilo ndilo bora zaidi.

Kiungo cha tano: ukuta kwa msingi. Sote tunaukumbuka mfano wa Yesu wa nyumba mbili, moja juu ya mwamba na moja juu ya mchanga. Tunapousimulia tunataja mvua na mafuriko, tunasahau kwamba hata pepo zilivuma zikazipiga nyumba hizo. Msingi mzuri ni wa kushikilia nyumba isizame, na pia isiinuke.

NYUMBA YA UDONGO JE?

Kuna mama atasema, "Mimi sina mawe, nyumba yangu ni ya miti na udongo." Mama, wewe pia waweza kufunga. Udongo haushiki msumari, lakini nguzo zinashika. Nguzo za pembeni na za katikati zizikwe angalau futi mbili, na udongo ushindiliwe sawasawa. Sehemu inayozikwa ipakwe dawa ya mchwa au oili chafu. Rafta zifungwe kwa nguzo zenyewe kwa waya au ukanda, si kwa zile fito ndogo. Halafu kila pembe ya nyumba iwekewe mti wa mshazari, kutoka juu ya nguzo moja hadi chini ya nyingine, ili nyumba isiegemee upande upepo ukisukuma.

Na tusidharau ujuzi wa wazee. Nyumba ya mviringo yenye paa refu la nyasi, upepo huizunguka ukapita. Haina ukuta mpana wa kupigwa wala pembe za kushikwa.

UMBO LA PAA

Kwa yule ambaye bado hajajenga, kuna mambo machache yasiyoongeza gharama nyingi. Paa lenye miteremko minne hushinda lile la miteremko miwili. Paa lililolala sana huvutwa zaidi kuliko lenye mteremko wa kutosha, kwa hivyo nyumba ya upana wa futi 20 kilele chake kipande karibu futi sita juu ya ukuta. Sehemu ya bati inayotokeza nje ya ukuta isizidi futi moja na nusu. Paa la baraza lijengwe peke yake. Usirefushe tu lile la nyumba, kwa sababu upepo ukilishika la baraza chini yake, utalichukua pamoja na la nyumba.

Panda miti upande unakotoka upepo, mgravilea au mvinje kulingana na sehemu yenu. Lakini usiupande karibu. Mti uwe mbali na nyumba kupita urefu utakaofikia ukikomaa, usije ukakuangukia.

Na yale mawe na magurudumu mabovu tunayoweka juu ya bati? Tuyaondoe. Tumeshaona kwamba uzito mdogo haushikilii paa. Bati likiinuka, jiwe lile linamwangukia mtoto.

SHULE NA UKUMBI WA HARAMBEE

Nyumba ya mtu mmoja ina watu sita au saba. Darasa lina watoto arobaini na zaidi. Na majengo haya ya harambee yana hatari yake. Ni mapana, yana madirisha mengi, na kila mwisho kuna ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kileleni. Ukuta huo ukijengwa kwa matofali bila kushikwa na kitu, upepo huuangusha ndani juu ya madawati. Ufungwe kwa mbao za paa kwa kanda za chuma, au sehemu hiyo ya juu ijengwe kwa mbao na bati. Kamati ya shule isikubali darasa litumike kabla halijakaguliwa. Na jengo ambalo kuta zimepanda lakini paa halijafungwa lisiwe mahali pa kukingia mvua, wala kwa watoto wala kwa mafundi.

UPEPO UKIJA

Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali kupitia redio, mara nyingi upepo unapotarajiwa kupita noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Mkisikia, zungukeni boma mkaweke ndani mabati yaliyolala ovyo, mbao, na ndoo.

Upepo ukianza, fungeni milango na madirisha yote. Kuna wanaosema ufungue madirisha ili upepo upite. Si kweli, huko ni kuualika uje kuinua paa. Ketini katika chumba kidogo cha ndani, mbali na dirisha, chini ya meza imara ikiwapo. Msijikinge chini ya mti. Na tafadhali, mtu asijaribu kushikilia paa kwa mikono au kamba. Tani mbili na nusu si mchezo. Upepo ukitulia, vaa viatu kabla ya kutoka, kwa sababu ya misumari, na usiguse waya wa stima ulioanguka.

KAZI YA KIKUNDI

Mwisho, nawaachia kazi. Vifungo vyote nilivyotaja huonekana siku chache tu, kabla bati halijapigwa na dari halijawekwa. Baadaye vinafichika, na hakuna ajuaye kama vipo mpaka siku ya upepo. Kwa hivyo kila kikundi kichague watu wawili, na mmoja awe mama, wawe wakaguzi wa paa. Kabla ya bati la kwanza kupanda, wakaguzi wahesabu viungo vitano. Vikikamilika, fundi alipwe. Visipokamilika, fundi amalize kwanza. Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba kazi yake imejulikana.

Na nyumba zilizokwisha kuezekwa tusiziache. Kikundi kinunue rola moja ya hupu aini, kigawane, na kila Jumamosi kishughulikie nyumba moja kutoka ndani. Anzeni na pembe nne, kisha kingo, kisha katikati. Anzeni na nyumba za wajane na wazee wanaoishi peke yao, kwa maana hao wakipoteza paa, hawana wa kuwaezekea upya ila sisi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usipofunga paa, utachanga tena mabati. Tusichange mara mbili kwa kazi moja.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni mapaa yapi yaliyowahi kung'olewa na upepo? Yalikatikia kiungo kipi?

2. Ni nyumba ngapi za wanachama ambazo wolpleti imelazwa tu juu ya ukuta?

3. Ni nani wawili watakaokuwa wakaguzi wetu, na wataanza na nyumba ya nani?